Yasiyosemwa Kazini: Mapatano ya Kimya kati ya Mwajiri na Mfanyakazi

Chukulia duka la vifaa vya ujenzi huko Kariobangi Kusini. Mhudumu wake ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na amefanya kazi hapo kwa miaka minne. Hana karatasi yoyote ya kazi. Alipoanza aliambiwa mshahara wake, akaambiwa duka hufunguliwa saa mbili asubuhi, akapewa kitambaa cha kupangusia vumbi la saruji. Basi. Mengine yote aliyajua kwa kuyaona. Aliona kwamba mwenye duka hamkati mtu mshahara akichelewa kwa sababu ya mvua na foleni ya barabara ya Outering. Aliona kwamba kila Disemba, siku ya mwisho kabla ya Krismasi, kila mfanyakazi hupewa bahasha yenye nauli ya kwenda nyumbani, pamoja na mfuko wa unga wa ngano, mafuta na sukari. Naye akatoa yake. Hubaki hadi saa moja na nusu jioni akihesabu mabomba na misumari. Humkumbusha bosi rangi inapokaribia kwisha. Mteja akijaribu kudanganya kipimo cha waya, yeye ndiye wa kwanza kumshtukia.

Disemba ya nne bahasha haikutoka. Mwenye duka alisema, "Haya, tuonane Januari," akafunga kufuli.

Januari mhudumu alirudi saa mbili kamili. Saa kumi na mbili jioni ikagonga, akachukua mkoba wake akaenda. Rangi nyeupe ikaisha dukani bila mtu kusema neno, na mkandarasi aliyeitaka akavuka barabara akanunua kwingine. Usiku mhudumu halali vizuri. Kichwa kinamuuma kila ifikapo Jumapili jioni. Mwenye duka naye anamwambia jirani yake kwamba vijana wa siku hizi wakishazoea kazi hujiona. Kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyevunja mapatano, na kila mmoja ana haki kiasi, kwa maana mapatano yalikuwepo kweli. Ila hayakuwahi kutamkwa.

Mkataba usioandikwa

Jambo hili lina jina katika taaluma ya usimamizi wa kazi. Huitwa mkataba wa kisaikolojia, yaani yale ambayo kila upande unaamini umeahidiwa na mwenzake, yawe yamesemwa au hayakusemwa. Mmarekani Chris Argyris alilitumia wazo hili katika kitabu chake cha mwaka 1960. Alikuwa amechunguza viwanda na kuona kwamba wasimamizi na wafanyakazi walikuwa na makubaliano yao ya chini kwa chini: msimamizi asiwaingilie sana, ahakikishe malipo ni ya haki na kazi ni ya kudumu, nao wafanyakazi wangefanya kazi kwa bidii na kulalamika kidogo. Hakuna aliyetia sahihi popote. Miaka miwili baadaye Harry Levinson na wenzake walichapisha uchunguzi wao, nao wakaunganisha matarajio haya moja kwa moja na afya ya akili ya wafanyakazi.

Aliyelifafanua jambo hili zaidi ni Denise Rousseau, kuanzia makala yake ya mwaka 1989. Alitofautisha aina mbili za mapatano. Kuna yale ya nipe nikupe: kibarua wa kupakua lori hupakua lori, hulipwa, mambo yakaisha. Kisha kuna yale ya uhusiano, yanayojengwa kwa miaka, ambamo mfanyakazi hutoa uaminifu na kujituma, na mwajiri hutoa usalama na kumjali. Ya pili ndiyo yenye uzito na ndiyo yanayoumiza yakivunjika, kwa kuwa mtu hakuweka humo saa zake tu bali aliweka na nafsi yake.

Mwaka 1994 Rousseau na Sandra Robinson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa masomo ya biashara waliokuwa wameajiriwa karibuni. Zaidi ya nusu yao walisema mwajiri alikuwa ameshavunja jambo waliloamini aliwaahidi. Hao ni watu wenye shahada na barua za kazi mikononi. Mtu aliyeajiriwa kwa maneno matatu mlangoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuelewa vibaya, na kueleweka vibaya.

Mitaa iliyojengwa juu ya matarajio

Kwa mkazi wa Eastlands hili si somo la kutoka mbali. Mitaa mingi ya zamani ya upande huu wa jiji ilijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli. Kaloleni, Ziwani, Bahati na mingineyo ilijengwa na baraza la mji. Nyumba ilifungamana na kazi, na mtu akipoteza kazi ya reli alijua kwamba paa nalo linamponyoka.

Ndani ya mpango huo mlikuwa na dhana ambayo haikuandikwa katika kadi ya mfanyakazi yeyote. Mwajiri alihesabu mshahara wa mwanamume mmoja asiye na familia, akichukulia kwamba mke na watoto wako mashambani wakijilisha, na kwamba mwili wa huyo mwanamume ukichoka shamba litampokea. Mfanyakazi naye alikuwa na hesabu yake: akivumilia, akitii, siku moja atalipwa kiasi cha kuishi na familia yake mjini. Hesabu hizi mbili zilikaa bega kwa bega kwa miaka mingi bila kukutanishwa.

Zilikutana kwa kishindo. Mei 1950, baada ya viongozi wa chama cha wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh kukamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki moja. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyojulikana kama Kamati ya Carpenter ilikiri kwa maandishi jambo ambalo wakazi wa vyumba vya Eastlands walilijua siku zote. Mshahara wa kapera hauwezi kulea familia mjini, ikasema, na ikapendekeza mishahara isogezwe kuelekea mahitaji ya familia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayotumika leo bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe pesa za kutosha kukodi makao hayo, au ajumuishe kodi hiyo katika mshahara. Mpangaji wa Umoja au Kayole anapoona neno "nyumba" kwenye karatasi ya malipo, anaona sehemu ya ubishi huo wa zamani ikiwa imeandikwa.

"Wewe ni kama mmoja wa familia"

Leo mapatano ya kimya yaliyo mengi zaidi pengine hayako viwandani. Yako jikoni, katika nyumba za Buruburu, Donholm, Umoja na Komarock, ambako mfanyakazi wa nyumbani hulala chumba kimoja na watoto anaowalea.

Mazungumzo ya aina hii yamesikika katika nyumba nyingi:

"Mama, naomba Jumapili hii niende kanisani, halafu nimwone dada yangu Kayole."

"Si ulienda mwezi uliopita? Sasa watoto nitawaacha na nani? Wewe unajua hapa ni kama kwenu."

Maneno hayo ya mwisho husemwa kwa nia njema mara nyingi. Shida ni kwamba yana tafsiri mbili. Kwa mwajiri, kuwa kama mmoja wa familia ni kutohesabu saa: mtoto akilia saa nane usiku unaamka, wageni wakija Jumamosi unapika, na hakuna mtu wa familia anayedai malipo kwa hayo. Kwa mfanyakazi, kuwa kama mmoja wa familia ni kupelekwa hospitali akiugua, kusaidiwa karo ya mtoto wake aliyeachwa kwa nyanya yake, na kutofukuzwa usiku kwa sababu ya sahani iliyovunjika. Kila mmoja amechukua ule upande wa neno "familia" unaomfaa. Siku mfanyakazi anapoomba mkopo wa karo akajibiwa kwamba mshahara hutolewa mwisho wa mwezi, ndipo anapogundua kuwa ni familia saa za kazi tu.

Sheria haina neno la familia hapa. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama yule wa benki. Anastahili angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili kila baada ya miezi kumi na miwili ya kazi, na notisi kabla ya kuachishwa. Siku ya kupumzika si fadhila ya kuombwa kwa kunyenyekea. Likishaeleweka hilo, mazungumzo ya Jumapili yanabaki kuwa ya kupanga tu: siku gani, saa ngapi, na nani atabaki na watoto.

Kibarua wa kila siku, mwaka wa tatu

Kuna kundi jingine, la wale wanaosimama alfajiri kwenye lango la kiwanda au ghala, wengi wao wakitembea kutoka mitaani ili kuokoa nauli. Huitwa vibarua wa siku. Lakini kibarua anayeingia lango lilelile siku sita kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, huanza kuamini jambo. Anaamini kwamba kuja bila kukosa kunahesabiwa mahali fulani. Msimamizi humwambia, "Endelea tu hivyo hivyo, tutakuangalia." Kwa msimamizi hayo ni maneno ya kutia moyo. Kwa kibarua ni ahadi, na kwa ahadi hiyo anakataa kazi nyingine, anachukua nyumba ya kodi ya juu kidogo, anamwandikisha mtoto shule.

Hapa kimya kimejazwa na sheria, ingawa wengi hawajui. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba mtu aliyeajiriwa kama kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi mitatu au zaidi, basi huchukuliwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na masharti ya notisi yanamhusu. Kumwita kibarua kila jioni hakubadilishi hilo.

Hata hivyo, kwa afya ya mtu, kinachomchosha zaidi ni kutojua. Anayejua kwamba kazi itakwisha Agosti hujipanga kwa Agosti. Asiyejua kama kesho jina lake litaitwa huamka saa tisa usiku kila siku akiwa na swali lilelile, na mwili wake haupati siku ya kupumzika hata siku anapokuwa nyumbani.

Mwajiri naye huumia

Si haki kumchora mwajiri kama mtu asiye na moyo. Waajiri wengi wa Eastlands ni watu wadogo: mwenye kinyozi Kayole, fundi wa chuma Kamukunji mwenye vijana watatu, mama mwenye hoteli ya chapati Dandora. Hawana idara ya wafanyakazi. Mara nyingi walikuwa wameajiriwa wao wenyewe hadi juzi.

Mwenye kinyozi humfundisha kijana kazi tangu kushika mashine. Humlipia kodi ya nyumba mwezi mmoja kijana anapokwama, wala hamdai. Moyoni anatarajia kijana huyo atakaa. Baada ya mwaka na nusu kijana anafungua kinyozi chake milango mitatu kutoka hapo, na nusu ya wateja wanamfuata. Kijana hakuvunja sheria yoyote. Hakuahidi kukaa. Lakini mzee yule hatamfundisha kijana mwingine kwa moyo uleule, na kijana atakayekuja baadaye atalipia kosa asilolijua. Hivi ndivyo mapatano ya kimya yanavyoharibu hata watu ambao hawakuwepo yalipofanywa.

Nayo simu imeongeza mapatano mapya ambayo hakuna aliyekubaliana nayo waziwazi. Mwajiri akituma ujumbe saa nne usiku na akajibiwa mara moja, keshokutwa atatuma tena. Majibu matatu yanatosha kuanzisha desturi. Baada ya mwezi, asiyejibu usiku anaonekana mvivu. Serikali ya Kaunti nayo ni mwajiri, na wakuu wa idara zake wanaosoma makala haya wanajua makundi ya WhatsApp ya kazi yanayozungumzwa hapa.

Yanavyofika mwilini

Kuna tofauti kati ya kugundua kwamba jambo halikutimizwa na kuhisi kwamba umesalitiwa. Watafiti Elizabeth Morrison na Sandra Robinson walilieleza hili mwaka 1997. Mtu anaweza kuona ahadi haikutimia akasema ni hali ngumu, akaendelea. Hasira na uchungu huja anapoamini kwamba mwenzake aliweza kutimiza na akaamua kutotimiza, au hakumwona kuwa mtu wa kuelezwa. Walitaja pia kwamba mapatano huvunjika kwa njia mbili kubwa: mmoja anajua alichoahidi na anakwepa, au wawili hao walielewa mambo mawili tofauti tangu mwanzo. Kwa nje njia hizi mbili hufanana kabisa. Mhudumu wa Kariobangi hakuwa na njia ya kujua ni ipi.

Uchungu wa aina hiyo haubaki kazini. Hupanda matatu na mtu hadi nyumbani. Huonekana katika usingizi unaokatika, kichwa na mabega kuuma, tumbo kuchafuka asubuhi ya Jumatatu, hasira kwa watoto, na kwa wengine chupa moja inayokuwa tatu. Baadhi hugundua presha imepanda wanapopimwa kwa sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2022 kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya mfadhaiko na wasiwasi, kwa hasara ya takriban dola trilioni moja. Kazi mbaya si chanzo pekee cha maradhi hayo, lakini mashirika hayo yametaja wazi miongoni mwa hatari hizo kutokuwa na uhakika wa kazi, saa nyingi kupita kiasi na kukosa sauti kuhusu kazi yako mwenyewe.

Utafiti mmoja unafaa kukumbukwa na kila mwajiri. Mwaka 2006 Jerald Greenberg alichapisha matokeo kuhusu wauguzi 467 wa hospitali nne. Katika hospitali mbili utaratibu wa malipo ulikuwa umebadilishwa na wauguzi wakawa wanapata pungufu. Walioathirika walianza kukosa usingizi. Kisha baadhi ya wasimamizi wakafundishwa jinsi ya kuwatendea wafanyakazi kwa heshima na kuwaeleza mambo kwa ukweli. Malipo yalibaki yaleyale, pungufu vilevile. Lakini wauguzi waliokuwa chini ya wasimamizi hao walipata nafuu ya usingizi kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo miezi sita baadaye.

Greenberg huyohuyo alikuwa ameona jambo la karibu na hilo mwaka 1990, katika viwanda vya kampuni moja iliyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki kumi. Katika kiwanda kimoja wakubwa walikaa na wafanyakazi wakaeleza kwa kina kwa nini, wakajibu maswali, wakaonyesha masikitiko. Katika kingine walitangaza kwa dakika chache wakaondoka. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kote kuwili, lakini uliongezeka zaidi sana kule ambako hakuna aliyeelezwa kitu.

Hakuna anayesema maneno mazuri ni badala ya mshahara. Mpangaji halipi kodi kwa maelezo. Ila mshahara uleule mdogo unaweza kumwacha mtu analala au unaweza kumwacha macho, na tofauti ni kama alihesabiwa kuwa mtu wa kuambiwa.

Kuyatoa kinywani

Njia ya kwanza ni karatasi. Sheria inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Uonyeshe kazi yenyewe, malipo, saa, likizo na utaratibu wa ugonjwa. Kama mfanyakazi hawezi kusoma au haelewi lugha iliyotumika, mwajiri anatakiwa amfafanulie kwa lugha anayoielewa. Kukiwa na kesi na mwajiri hana maandishi, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mwenye duka la Kariobangi anunue daftari. Na jambo lolote kati ya hayo likibadilika, sheria inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi.

Saa nazo ziandikwe. Kwa kazi nyingi za kawaida, amri ya jumla ya mishahara huweka saa 52 kwa wiki, zikigawanywa kwa siku sita, na zinazozidi hapo zina malipo yake. Kuanzia baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, anayeugua na kuleta cheti cha daktari anastahili siku saba za malipo kamili na nyingine saba za nusu mshahara katika mwaka.

Lakini karatasi haimalizi yote, na hapa ndipo wengi hukosea. Hakuna mkataba utakaoandika kwamba bosi hatamkaripia mtu mbele ya wateja, au kwamba mhudumu atakumbusha rangi inapokwisha. Mambo hayo hubaki ya mdomo, na yanahitaji kusemwa mara mbili: siku ya kwanza, na tena baada ya miezi mitatu au minne, kila mtu akishajua hali halisi. Kikao cha nusu saa na chai ya saa nne chatosha. Mwajiri aulize, "Ulipoanza hapa ulitarajia nini ambacho hujakiona?" Kisha anyamaze asikilize, asianze kujitetea. Naye aseme lake waziwazi: "Natarajia ukiona stoki imepungua uniambie. Bahasha ya Disemba hutegemea biashara. Mwaka mbaya huenda isiwepo, na nikiona hivyo nitakuambia kufikia Novemba."

Sentensi hiyo ya mwisho ni rahisi kusema mwezi wa Machi na ngumu sana tarehe 23 Disemba.

Mfanyakazi naye ana lake la kusema, na desturi zetu humfanya asite. Kumuuliza mkubwa kuhusu pesa huonekana utovu wa adabu. Inasaidia kuanza na kazi kabla ya dai, na kuomba muda badala ya kuvizia mlangoni: "Bosi, naomba dakika kumi kesho kabla hatujafungua. Kuna jambo la kazi nataka nielewe vizuri." Wafanyakazi wakiwa wengi, ni bora mmoja azungumze kwa niaba yao, na pale penye chama cha wafanyakazi, mwakilishi wake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama.

Turudi Kariobangi. Tuseme mwenye duka na mhudumu wake walikaa Februari, juu ya mifuko ya saruji, kabla ya kufungua. Mwenye duka akasema ukweli: mkandarasi wa majumba ya Kangundo Road alichukua mabati na nondo kwa mkopo tangu Septemba na hajalipa, na Disemba ilipofika hakuwa na uso wa kuwaangalia. Mhudumu akasema lake: hakulilia unga. Alikuwa amemwambia mama yake huko Mwingi kwamba anakuja, mama akawaambia majirani, na yeye akabaki Nairobi kwa kukosa nauli, akidanganya kwenye simu kwamba duka limekuwa na kazi nyingi. Angeambiwa Novemba, angeweka akiba ya nauli mwenyewe.

Mwenye duka hakuwa amewahi kuifikiria bahasha ile kwa namna hiyo. Kwake ilikuwa zawadi.

Pa kwenda

Mazungumzo yakishindikana, mfanyakazi au mwajiri anaweza kwenda ofisi ya leba. Ofisi hizo ziko chini ya Wizara ya Leba ya Serikali ya Kitaifa, si Kaunti, na kupeleka malalamiko huko hakuhitaji wakili. Afisa wa leba huwaita pande zote mbili na kujaribu kuwapatanisha kabla jambo halijafika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Beba chochote kinachoonyesha kazi ilikuwepo: ujumbe wa M-Pesa wa mshahara, picha za zamu, daftari la mahudhurio, ujumbe wa simu. Madai mengi yanayotokana na mkataba wa kazi hayapokelewi mahakamani baada ya miaka mitatu, kwa hiyo asikae nayo akingoja hasira ipoe. Anayeondoka kazini, hata aliyefukuzwa, anastahili cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyofanya na muda wake, ikiwa alifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi.

Mtu ambaye usingizi umekatika kwa wiki mbili au zaidi, au anayehisi hana sababu ya kuamka, asingoje kesi iishe. Aanzie kituo cha afya cha Kaunti kilicho karibu, ambako atapimwa presha na kusikilizwa, na akihitaji zaidi aelekezwe mbele. Asiyejua kilipo kituo hicho amuulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwake. Mhudumu huyo anaijua njia, na hahitaji kuambiwa jina la bosi.